Kupima mimba ya nyani wa utafiti: tarehe kwanza, kondo pili, mtoto baadaye

Juzi usiku kijana mmoja aliye atachimenti kanitumia picha ya skani kwa simu, saa nne na nusu hiyo, mimi naepua chapati ya mwisho, na chini kaandika, "Shikamoo dada, mimba hii ya siku 110 kwa binadamu ni wiki ngapi, na mbona kondo lake dogo hivi?" Nikamuuliza, mimba ya mnyama gani? Kimya hadi asubuhi. Na si yeye peke yake, kila mwaka wapo vijana watokao huku pwani kwenda vituo vya utafiti bara na wakifika tu wapewa probu, kile kifaa cha skani kipitishwacho tumboni, mkononi kana kwamba wamezaliwa nayo, basi nimeona niandike yote mahali pamoja, vile nilivyofundishwa na vile nilivyojikwaa. Kazi yangu ya siku zote ni kupima kina mama wajawazito hapa Mombasa, ila niliwahi kukaa miezi kadhaa kituo kimoja cha nyani, kwa hivyo haya si ya kusikia.

Tuanze na mnyama mwenyewe manake hapo ndipo wengi wapotea mapema. Sisi watu wa pwani hatuchanganyi, tumbili ni yule mwizi wa ndizi wa Nyali, kima ni yule wa msituni mwenye shingo nyeupe, mbega ni yule wa Diani avukaye barabara kwa zile ngazi za kamba, na nyani ni yule mkubwa mwenye mdomo kama wa mbwa. Ajabu ni kwamba tukiingia kwenye utafiti sote twasema "nyani" basi, na hapo hesabu yaharibika. Kila aina ina siku zake. Resusi, mmoja wa makaki, jamii ya kima wa Asia, anayetumika sana Marekani, hubeba mimba siku kama 165. Tumbili wetu yu hapo hapo karibu naye. Nyani hubeba siku kama 180. Marmoseti wa Brazili, kadude kadogo ka kukaa kiganjani, siku kama 144 tu na mara nyingi azaa pacha. Mtoto wa resusi azaliwa na nusu kilo hivi, wa nyani akaribia kilo moja, wa marmoseti gramu 30, yaani uzito wa yai dogo la kuku wa kienyeji. Sasa mtu akikwambia "siku 110" na hajakwambia ya nani, hajakwambia kitu.

Tarehe. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nyani jike ana urahisi wake, makalio huvimba, yakawa mekundu yametuna, yakakaa hivyo siku kadhaa, halafu yaanza kunywea. Siku uliyoona yameanza kunywea, rudi nyuma siku mbili, hiyo ndiyo yahesabiwa kuwa siku ya kushika mimba, maadamu dume alikuwa naye siku hizo. Kwa hivyo kazi ya kwanza haina mashine, ni daftari na macho, kila asubuhi upite mbele ya vizimba uandike aliyevimba na aliyenywea, na usiandike jioni kwa kukumbuka, andika pale pale umesimama. Resusi mzunguko wake ni siku 28 kama wanawake, yeye huwekwa na dume siku chache za katikati ya mzunguko na hesabu yaanzia hapo. Kosa la siku moja mbili halikosekani, ndiyo maana skani ya mapema ina faida, ukimkuta mtoto bado ni kama punje ya haragwe ukampima urefu wote utajua kama daftari lasema kweli. Ukingoja mpaka mimba iwe kubwa huwezi tena kujua kama mtoto ni mdogo ama tarehe ni ya uongo, na hayo ni mambo mawili mbali kabisa.

Na mtego mkubwa ni huu. Binadamu twahesabu mimba tangu hedhi ya mwisho, yaani wiki mbili za mwanzo mama hana mimba yoyote. Nyani twahesabu tangu kushika mimba. Basi ukitaka kulinganisha, chukua siku za mnyama ugawanye kwa urefu wa mimba yake, zidisha kwa 266 ambazo ndizo siku za binadamu tangu kushika mimba, kisha ongeza 14. Kama siku 110 ni za resusi: 110 kwa 165 ni theluthi mbili, mara 266 yaja 177, ongeza 14 yawa 191, yaani wiki 27 na siku mbili. Kama ni za nyani: 110 kwa 180, yaishia wiki 25 na siku moja. Mwaona? Namba ile ile, wiki mbili na ushee tofauti, na kwa mapafu ya mtoto wiki mbili hapo ni usiku na mchana. Hata hivyo msiiamini hesabu hii kwa kila kiungo, manake resusi azaliwa ubongo wake ushapita nusu ya ukubwa wa utu uzima na wa kwetu azaliwa nao karibu robo tu, ndiyo maana wake siku hiyo hiyo yuamshika mama manyoya kwa mikono yake na wetu hata shingo haimudu.

Mtu akiona nasumbua na tarehe akumbuke thalidomaidi. Ile dawa ya usingizi na kichefuchefu iliyoondolewa sokoni mwisho wa 1961, ukiwapa panya haiwafanyi watoto wao kitu cha maana, ukiwapa makaki ama nyani wenye mimba watoto hutoka na mikono na miguu iliyokatika ukuaji, sawa na walivyotoka watoto wa watu. Lakini hutokea tu ukiwapa zile siku chache ambazo viungo vinachipuka. Kosea tarehe kwa wiki moja na utasema dawa ni salama.

Mashine sasa. Mashine nyingi za skani zimetengenezewa kina mama, na ukipima kichwa yenyewe yakuandikia wiki bila kuulizwa. Wiki yangu ya kwanza kituoni nilipima kichwa cha mtoto wa nyani, upana milimita 50, mashine ikaniandikia wiki 21, nami kwa mazoea ya kliniki nikaiandika kwenye fomu nzuri kabisa kwa kalamu nyeusi. Daktari wa wanyama akaisoma, akaitazama tena, akaniuliza "wiki 21 za nani?" Nilitamani ardhi ipasuke. Zima hiyo hesabu, kama haizimiki ipuuze, beba milimita peke yake.

Mnyama mwenyewe hapimwi akiwa macho, isipokuwa wachache waliofunzwa polepole kwa matunda mpaka wakakubali. Daktari amchoma ketamini, dawa ya kulaza, tumbo liwe halijala tangu usiku, manyoya yanyolewe mahali pa probu, jeli ipashwe moto kidogo, na alazwe ameinamia ubavu wa kushoto ili mji wa mimba usikandamize mshipa mkubwa wa damu. Andika saa ya sindano na saa ya kila kipimo kwa sababu dawa yagusa mapigo na mtiririko wa damu, na leo ukipima dakika ya tano kesho dakika ya thelathini hujapima kitu kimoja. Kuhusu wewe mwenyewe: glavu, barakoa, na kwa makaki lazima miwani ya kukinga macho, wanabeba virusi vya hepesi B ambavyo kwao ni jambo dogo na kwa binadamu huua. Ukikwaruzwa ama ukirukiwa mate machoni usione haya kusema, osha hapo hapo muda mrefu na uripoti.

Haya, probu iko tumboni. Karibu kila mtu akimbilia mtoto, atafuta moyo, atafuta kichwa, apiga picha ya uso. Mimi nasema tafuta kondo kwanza.

Sababu ya kwanza ni umbo. Kondo la nyani ni sahani moja kama letu. La resusi kwa kawaida ni sahani mbili, moja ukuta wa mbele wa mji na nyingine ukuta wa nyuma, zimeunganishwa na mishipa ya damu ipitayo kwenye ngozi ya chupa, na kitovu chaingia kwenye ile sahani ya kwanza peke yake. Resusi kama mmoja kwa watano hivi huwa na sahani moja tu, kwa hivyo huwezi kukariri, lazima utafute kila mnyama. Ile ya nyuma hujificha chini ya mtoto, vivuli vya mifupa vyaifunika, na mtu mwenye haraka apima ya mbele aandika "kondo dogo". Telezesha probu ubavuni, mlaze mnyama upande wa pili, subiri mtoto ageuke. Ukiziona mbili fuata ile mishipa ya katikati kwa rangi za Doppler, ile skani ionyeshayo damu ikitembea, uhakikishe kweli zashikana.

Sababu ya pili ni kwamba kondo hutangulia. Mwanzoni mwa mimba kondo lakua mbio na mtoto ni kitu kidogo tu, baadaye kondo lapunguza mwendo na mtoto ndiye ashika kasi, uzito wake mwingi aupata theluthi ya mwisho. Basi kondo likipata shida wiki ya leo, tumbo la mtoto litakuja kukwambia wiki kadhaa mbele, wakati umeshachelewa. Pima unene mahali kitovu kinapoingia, tazama kama lina madoa yasiyopitisha damu, kisha weka Doppler kwenye mishipa ya kitovu. Katika mimba nzima inayokwenda vizuri ukinzani wa damu kule hushuka kadiri siku zinavyokwenda, mwanzo damu yasita kati ya pigo na pigo, baadaye yapita bila kusita. Isiposhuka, andika na urudie. Watafiti wa Oregon walionyesha 2011 kwa makaki wa Kijapani kwamba mama akilishwa mafuta mengi, damu iendayo kwenye kondo yapungua na watoto wanaozaliwa wafu wanaongezeka, na hilo lilitokea hata kwa mama ambaye hakunenepa. Huku kwetu ambako mahamri ya asubuhi na viazi karai vya jioni vyote vimetoka kwenye karai moja la mafuta, nilipoisoma hiyo nilinyamaza kidogo.

Na malaria. Hapa pwani kila mama kliniki ameza SP, vile vidonge vya kukinga malaria, na apewa neti, na wengi hawaambiwi kwa nini. Vimelea huzifanya chembe nyekundu za damu zijishikize ndani ya kondo, zijazane pale, mtoto akose haki yake, na mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi kwa sababu mwili haujapata kinga ya hiyo hila. Kukata kondo la mama aliye hai katikati ya mimba haiwezekani, ndiyo maana utafiti wa malaria ya ujauzito umefanywa pia kwa nyani huko Nairobi, kwenye kile kituo cha msitu wa Oloolua ambacho mzizi wake ni kituo alichoanzisha Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya kale, huko Tigoni 1960. Nyani alichaguliwa si kwa bahati. Sahani moja, damu ya mama yaosha moja kwa moja vidole vya kondo, kama sisi.

Tukishamaliza hapo ndio twaja kwa mtoto. Vipimo ni vile vile vya kliniki: mapema urefu kutoka utosini hadi matakoni, baadaye upana wa kichwa, mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja. Kila kimoja mara tatu, uondoe probu na uirudishe kati ya kipimo na kipimo, si kubonyeza alama mara tatu kwenye picha ile ile, huo ni udanganyifu wa kiungwana. Kichwa kikatwe sawa, mstari wa katikati uonekane umenyooka. Upana wa kichwa wengine hupima nje kwa nje, wengine nje kwa ndani, chagua moja na uiandike juu ya fomu mpaka mradi uishe.

Tumbo ndilo gumu na ndilo lenye maneno. Yataka duara kamili, mfuko wa chakula uonekane kama doa jeusi, na mshipa wa kitovu ukiingia kwenye ini, ukiona figo ushashuka sana rudi juu. Kwa nini nalisifu tumbo? Manake mtoto akikosa chakula damu hupelekwa kwenye ubongo na ini ndilo linalonyimwa, basi kichwa chabaki karibu na kawaida huku tumbo lajinywea. Kule San Antonio, Texas, nyani wajawazito walipewa asilimia 70 tu ya chakula ambacho wenzao walikula kwa hiari, na mwisho wa mimba watoto wakawa wadogo. Njia yao ya kulisha ndiyo niliyoipenda, nyani wale waliishi kundini, na wakati wa kula walipitishwa ujia mmoja mmoja kila mtu kwenye kizimba chake na sinia yake, wakimaliza warudi kwa wenzao. Manake ukiweka chakula katikati ya kundi, mkubwa ala cha mdogo na utafiti wako wote waliwa na bi mkubwa.

Kichwa nacho kina kisa chake cha Afrika Mashariki. Virusi vya Zika viligunduliwa 1947 kwa makaki resusi aliyewekwa kwenye kizimba juu ya mti katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, watu wakitafuta homa ya manjano, namba yake 766. Miaka karibu 70 baadaye, watoto wa Brazili walipoanza kuzaliwa na vichwa vidogo, ni resusi tena waliopimwa huko Wisconsin, na skani za mwezi wa mwisho zikaonyesha mzingo wa kichwa ukikua polepole kuliko upana wa kichwa na paja la mtoto huyo huyo. Soma tena hapo. Hawakumlinganisha na mtoto wa jirani tu, walimlinganisha yeye na mwili wake. Mtu ambaye angepima upana peke yake angeandika "kawaida" akaenda kunywa chai.

Kwa hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Pima tena baada ya wiki mbili ama tatu, ukipima kila siku mbili kosa la mkono wako ni kubwa kuliko alichokua mtoto. Chora mstari wa kila mtoto peke yake kwenye Excel, halafu uweke juu ya chati ya wanyama wa kituo hicho hicho kama ipo. Chati ya kituo kingine itumie kwa tahadhari, uzito wa mama, mimba ya ngapi, mtoto wa kiume ama wa kike, vyote vyavuta mstari huku na huku.

Siku ya kuzaa. Miradi mingi humtoa mtoto kwa upasuaji kwenye siku iliyopangwa ili kondo lisilale sakafuni usiku kucha ama kuliwa na mama, ndiyo, nyani hula. Hapa mimi hukumbuka bibi mmoja mkunga wa Mji wa Kale, marehemu sasa, ambaye mamangu alinisimulia kwamba mtoto akishafungwa kitovu bibi hakuondoka, aliliweka kondo kwenye sinia, akalikunjua kwa vidole viwili, akalizungusha pole pole kama mtu akaguaye chapati pande zote, kuona kama kuna kipande kimebaki tumboni. Hivyo hivyo ndivyo wafanyavyo maabara, tofauti ni mizani. Kata kitovu mahali pamoja siku zote, vua ngozi ya chupa, bonyeza damu iliyoganda itoke, kisha pima haraka. Ukipima moja na damu na jingine bila damu, gramu zako ni za damu si za kondo. Kwa resusi pima kila sahani peke yake na uziandike mbali mbali kabla ya kujumlisha.

Kisha gawanya uzito wa mtoto kwa wa kondo. Mtoto wa binadamu wa kilo 3.2 na kondo la gramu 500 hutoa sita na ushee. Nyani na resusi huwa chini ya hapo, kama nne hivi, kondo lao ni zito kwa mtoto wao, kwa hivyo ukikuta nne usiseme kuna ugonjwa. Vipande vya kuhifadhi vikatwe dakika hizo hizo, katikati na pembeni na kwa mpango uleule kila siku, vingine kwenye fomalini, dawa ya kuzuia visioze, na vingine kwenye naitrojeni ya baridi kali. Usichague palipo pazuri. Na usichague palipo pabaya.

Kibali sitakisahau, nimekiweka huku chini tu kwa sababu hakina maelezo mengi: kamati ya maadili ya wanyama, NACOSTI ile tume ya taifa ya sayansi, na mamlaka za wanyamapori, yote kabla ya mnyama kuguswa. Tumbili anayekuja kwenye ukuta wa jirani yenu Nyali ni mnyamapori na sheria ya 2013 yamlinda, probu yako ya mkononi usiipeleke kwake hata kwa mzaha. Na wanyama wawe wachache kadiri hesabu inavyoruhusu. Skani nzuri ndiyo iliyopunguza kuwatoa watoto mapema ili kuwapima, mnyama mmoja ukimfuata mara sita amekupa chati nzima.

Yule kijana alijibu asubuhi yake: resusi. Nikampigia hesabu ya wiki 27 na siku mbili, nikamwambia arudi kwenye kizimba na daktari siku ya ratiba, amlaze ubavu wa pili na atafute ukuta wa nyuma. Wiki iliyofuata kanitumia picha mbili, sahani ya pili ilikuwa chini ya mgongo wa mtoto, nene kuliko ya kwanza. Sasa kila kipimo anituma picha mbili mbili na simu yangu yalia imejaa.